Kikohozi Kimekwisha, Kifua Kikuu Hakijaisha

Jirani yetu mmoja hapa Tanga, mama wa watoto wawili ambaye huuza maandazi asubuhi, alianza kukohoa mwaka jana wakati wa mvua za vuli. Kwanza alidhani ni moshi wa kuni mbichi. Akanywa tangawizi na asali, akanunua dawa ya kikohozi dukani, akajipaka mafuta kifuani. Wiki tatu zikapita. Usiku alilowa jasho mpaka kanga ikawa ya kukamuliwa, na sketi zake zikaanza kumvuka kiunoni. Alipokwenda kupimwa makohozi aliambiwa ana kifua kikuu. Akapewa dawa bila malipo, na kuelezwa kwamba atazimeza kila siku kwa miezi sita.

Alizimeza miezi miwili na nusu. Homa iliondoka, kikohozi kikaisha, mwili ukarudi, naye akarudi kwenye karai lake la mafuta. Makohozi yalipopimwa tena mwishoni mwa mwezi wa pili, vijidudu havikuonekana. Nauli ya kufuata dawa ilikuwa shida. Wifi yake naye, alipoona mkojo wa rangi ya chungwa, alisema dawa hizo zinamharibu figo. "Mbona nimeshapona?" jirani yetu alituuliza siku alipoamua kuacha. Nasi, tuseme kweli, hatukumkataza. Tulimwona mwanamke mzima, anacheka, anakanda unga, tukakosa la kumwambia.

Miezi mitano baadaye kikohozi kilirudi. Safari hii mtoto wake mdogo, wa miaka mitatu, alikuwa hapandi tena kwenye kadi ya kliniki.

Jambo hilo limetukaa moyoni, ndiyo maana tumeandika makala haya. Swali alilotuuliza lilikuwa swali la haki. Ikiwa mtu hakohoi, hana homa, na darubini haioni kitu katika makohozi yake, je, dawa za miezi mitatu na nusu zilizobaki ni za nini? Ili kulijibu yatupasa kuingia ndani ya mwili kidogo, tuwaone walinzi wake na yule mgeni anayewahadaa. Msichoke nasi, akina mama wenzetu. Si mambo magumu kama yanavyosikika.

MWIBA NA USAHA

Kila mama amewahi kumtoa mtoto mwiba mguuni. Mwiba ukikaa siku mbili, mahali pale huwa pekundu, pakavimba, pakapata joto, kisha pakatunga usaha. Wengi wetu huuona usaha kuwa ni uchafu tu. Kumbe sehemu kubwa yake ni chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na vijidudu vilivyoingia na mwiba. Ni maiti za askari wetu wenyewe.

Mtu aliyetufumbua macho juu ya askari hawa ni Elie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa katika nchi ya Ukraine. Mwishoni mwa mwaka 1882 alikuwa akiishi Messina, katika kisiwa cha Sicily, karibu na bahari. Siku moja jamaa zake wote walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki nyumbani na darubini. Alikuwa akichunguza watoto wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa nyota ambaye sisi wa pwani humwona maji yanapokupwa. Watoto wake ni wadogo sana, na mwili wao unapenya nuru, hata mtu aweza kuona yanayotendeka ndani. Aliona chembe zikitembea humo, akajiuliza: je, si hizi zinazoulinda mwili? Kama ndizo, zitakizunguka kitu chochote kigeni kinachoingia. Akatoka bustanini, akachuma miiba ya waridi, akawachoma nayo wale watoto wa kiti cha pweza. Usiku ule hakupata usingizi kwa hamu. Alfajiri alipotazama, chembe zilikuwa zimeuzingira mwiba kila upande.

Kwa kazi iliyoanza na mwiba huo, Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich. Lakini kuna jambo jingine katika maisha yake ambalo wake watalielewa zaidi kuliko habari za tuzo. Mke wake wa kwanza, Ludmila, alikuwa mgonjwa wa kifua. Siku ya harusi yao mwaka 1869 alikuwa dhaifu mno asiweze kutembea, wakambeba kwa kiti mpaka kanisani. Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1873, katika kisiwa cha Madeira walikokuwa wamemhamishia kutafuta hewa nzuri. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua hata kinacholeta ugonjwa huo. Kijidudu chenyewe kilitangazwa na daktari Robert Koch mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, miezi michache tu kabla ya ile miiba ya Messina. Siku ya Kifua Kikuu Duniani huadhimishwa tarehe hiyo kila mwaka.

TONGE LISILOFIKA TUMBONI

Mwenye kifua kikuu cha mapafu akikohoa, akipiga chafya, hata akiimba, hutoa matone madogo sana yenye vijidudu. Matone hayo huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa katika chumba kilichofungwa. Anayeyavuta ndani huyafikisha mpaka kwenye vifuko vya hewa vilivyo mwisho kabisa wa mapafu. Huko kuna mlinzi anayengoja: chembe kubwa iitwayo makrofaji, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mlaji mkubwa. Sisi tutaiita mlaji.

Mlaji huyu hula namna hii. Hukizunguka kijidudu kwa mwili wake laini na kukifungia ndani katika kifuko. Hicho tukifananishe na mdomo. Kisha kifuko hicho huungana na vifuko vingine vyenye asidi na vimeng'enya vikali. Hilo ndilo tumbo lake. Vijidudu vingi vikifika tumboni humo havitoki tena, husagwa vikaisha, na wewe unaendelea kufua nguo bila kujua kwamba kulikuwa na vita.

Kijidudu cha kifua kikuu humezwa vilevile kama wenzake. Hakikimbii mlaji, wala hakipigani naye mlangoni. Ila tonge hili, likishaingia mdomoni, halifiki tumboni. Mwaka 1971 watafiti wawili wa London, Armstrong na D'Arcy Hart, walitazama kwa darubini ya elektroni walaji waliolishwa vijidudu hivi. Waliona kwamba kama kijidudu ni kizima, kifuko chake mara nyingi hakiungani na vifuko vya asidi. Kama kimekwisha kufa, vinaungana kama kawaida. Maana yake ni kwamba kijidudu chenyewe, kikiwa hai, ndicho kinachozuia mlango usifunguliwe. Kinakaa ndani ya mwili wa adui yake kama mpangaji asiyelipa kodi, tena kinakula chakula cha mwenye nyumba, kwa maana hupenda sana mafuta yaliyomo katika chembe zetu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kimepita nguo, kiko ndani ya mlinzi mwenyewe.

Mambo mawili humsaidia mpangaji huyu. La kwanza ni ngozi yake, ambayo ina mafuta mazito kama nta, hata dawa nyingi za kawaida hazipenyi. La pili ni uvivu wake. Bakteria wengi wa tumboni hugawanyika na kuzaana kila dakika ishirini hivi wakipata chakula. Kijidudu cha kifua kikuu hugawanyika mara moja tu kwa muda wa siku nzima au karibu na hapo, na wakati mwingine hulala usingizi kabisa. Huu uvivu tuukumbuke, tutaurudia tutakapofika kwenye dawa.

NGOME YENYE MATUNDU

Mwili haukai kimya. Baada ya wiki kadhaa huja askari wa aina nyingine, chembe ziitwazo seli T, na hizi hupeleka ujumbe wa kikemikali kwa walaji. Mlaji aliyepata ujumbe huo huwa mkali zaidi, akaweza kuufungua mlango uliokuwa umezuiwa. Walaji na seli T hujikusanya pamoja wakajenga kifundo kidogo katika pafu, kama ukuta wa ngome, na vijidudu vikabaki katikati.

Kwa miaka mingi wataalamu waliiona ngome hii kuwa ni gereza tu. Siku hizi wanasema mambo si rahisi hivyo. Mwaka 2009 Lalita Ramakrishnan na mwenzake huko Marekani walichapisha habari za samaki wadogo ambao, kama wale watoto wa kiti cha pweza, mwili wao unapenya nuru. Waliwaambukiza kijidudu kilicho binamu ya kile cha kifua kikuu, wakatazama. Katika siku za mwanzo za ngome, walaji wapya waliitwa kwa haraka, wakafika na kuwala walaji waliokuwa wanakufa, nao wakaambukizwa papo hapo. Vijidudu vilikuwa vikiutumia ule wito wa msaada kujipatia nyumba mpya. Tuliposoma hayo tulitikisa kichwa.

Hata hivyo, kwa watu wengi ngome hushika. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wamekwisha kuambukizwa kijidudu hiki. Wengi hawakohoi, hawaumwi, wala hawaambukizi wengine. Kati ya hao walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 ndio watakaougua wakati fulani wa maisha yao. Ni wachache kwa asilimia, lakini si wachache kwa hesabu ya makaburi: mwaka 2023 waliougua duniani walikadiriwa kuwa milioni 10.8, na waliokufa milioni 1.25.

Ngome huvunjika pale askari wanapopungua. Virusi vya UKIMWI huziua zile seli T zenye kupeleka ujumbe, na ndiyo maana magonjwa haya mawili hufuatana. Utapiamlo, kisukari, sigara na ulevi navyo huidhoofisha. Mtoto mdogo yeye hajajaliwa askari waliokomaa, hivyo kwake ngome huweza isijengwe ipasavyo, na vijidudu vikasambaa mwilini hata kufika kwenye utando wa ubongo.

Kwa mtu mzima ngome ikivunjika, sehemu yake ya katikati huwa imekwisha kuoza na kulainika kama jibini. Uozo huo hupasukia katika njia ya hewa na kuacha pango ndani ya pafu. Humo vijidudu huongezeka kwa mamilioni, na kila kikohozi huvitoa nje. Damu inayoonekana katika makohozi hutokana na mishipa iliyoliwa kandokando ya uharibifu huo. Na tusisahau kwamba mengi ya madhara haya hayafanywi na kijidudu peke yake. Mapigano yenyewe ndiyo yanayobomoa nyumba.

SASA, MIEZI SITA YA NINI?

Mgonjwa mpya hupewa dawa nne pamoja kwa miezi miwili: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto. Hizi huviangamiza upesi vijidudu vinavyozaana katika yale mapango, na hivyo ndivyo vinavyoleta kikohozi na kuonekana katika makohozi. Kwa hiyo mwisho wa mwezi wa pili jirani yetu hakuwa anajidanganya. Alikuwa na nafuu ya kweli kabisa.

Lakini waliobaki ni wale wavivu. Wako ndani ya walaji, wako katikati ya vifundo ambako damu haifiki vizuri, nayo dawa huletwa na damu. Dawa nyingi hukishika kijidudu kinapokuwa kazini, kinapojenga ngozi mpya ili kigawanyike. Kilicholala hakishikiki kwa urahisi. Ni lazima dawa iwepo siku kitakapoamka, na hakuna ajuaye ni siku gani. Kwa sababu hiyo mgonjwa huendelea na dawa mbili, rifampisini na isoniazidi, kwa miezi minne zaidi. Akiacha katikati, wanaoamka hukuta njia nyeupe. Na akimeza leo, akaruka kesho, huwapa nafasi wale wachache wenye kuhimili dawa wazaane mpaka wawe wengi. Huo ndio kifua kikuu sugu, ambao tiba yake ni nzito zaidi.

Tena miezi sita hii haikubuniwa Ulaya na kuletwa kwetu katika sanduku. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu. Kuanzia mwaka 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, zikishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, zilijaribu mchanganyiko wa dawa ulio na rifampisini au pirazinamidi, zikaonyesha kwamba miezi sita inaweza kutosha. Waliomeza vidonge hivyo walikuwa watu wa huku, wake na waume wa vijijini kwetu. Kisha mwaka 1977 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma kwa msaada wa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa nchi ya Wacheki, ambaye yeye mwenyewe aliupata ugonjwa huu alipokuwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Utaratibu uliojengwa hapa, wa kumfuata mgonjwa mpaka amalize na kuandika katika daftari kilichompata kila mmoja, ndio ulioigwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990 na kupelekwa nchi nyingi. Tunapenda kulitaja hili kwa sababu kuna wanaodhani kila jema la tiba hutoka ng'ambo.

MAMBO YA NYUMBANI

Mkojo wa rangi ya chungwa, hata machozi na jasho la rangi hiyo, ni rangi ya rifampisini inayotoka mwilini. Hauna madhara. Ni vyema mhudumu wa afya amwambie mgonjwa mapema, lakini asipomwambia, sisi tumwambie. Ganzi au kuchomachoma miguuni kwaweza kuletwa na isoniazidi, na vitamini B6 husaidia. Macho yakigeuka manjano, au mtu akitapika mfululizo, au macho yakaanza kuona kiwi, hapo asingoje siku ya kliniki, aende mara moja. Na kuna jambo ambalo wake wengi hawaambiwi: rifampisini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi. Mama aliye katika dawa azungumze na muuguzi kuhusu njia nyingine.

Kumtengea mgonjwa sahani na kikombe ni kumdhalilisha bure. Kijidudu hiki husafiri kwa hewa, hakisafiri kwa vyombo wala kwa kushikana mikono. Kinachosaidia ni madirisha kuwa wazi, jua kuingia, na mgonjwa kuziba mdomo akikohoa. Akimeza dawa zinazofaa bila kuruka, uwezo wake wa kuambukiza hushuka upesi, mara nyingi katika wiki mbili hivi. Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Maziwa hayabebi kifua kikuu kwa mtoto.

Watoto ndio tunaowasahau. Kovu la chanjo ya BCG mkononi lina historia inayomgusa mama yeyote. Wafaransa Calmette na Guérin walikilea kijidudu cha kifua kikuu cha ng'ombe kwa miaka kumi na mitatu mpaka kikapoteza ukali. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa kwanza kupewa chanjo hiyo mjini Paris alikuwa ni yatima aliyefiwa na mama yake kwa kifua kikuu, naye alikuwa anapelekwa kulelewa na bibi mwenye ugonjwa uleule. Chanjo hii humkinga mtoto mdogo na zile aina mbaya, kama ile ya ubongo. Haimkingi mtu mzima vya kutosha na kifua kikuu cha mapafu. Wala haitoshi kwa mtoto anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Ikiwa kuna mgonjwa nyumbani, watoto wote wapelekwe kuchunguzwa, hasa walio chini ya miaka mitano. Asiyeugua hupewa dawa ya kinga ili wale waliokwisha kuingia wauawe kabla ngome haijabomoka. Dalili kwa mtoto si lazima iwe kikohozi kikubwa. Mara nyingi ni kadi tu: uzito umesimama, au unashuka, mtoto amepoa, hachezi.

Mtoto wa jirani yetu alikuwa hivyo hivyo. Sasa yuko katika matibabu, anapewa vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji, vyenye ladha ya matunda, na juzi alilia akitaka kingine. Kaka yake wa miaka saba alikutwa mzima, akaanzishiwa dawa ya kinga. Mama yao alipimwa kwa mashine inayosoma vinasaba vya kijidudu katika makohozi na kutoa jibu katika saa mbili hivi. Tulikaa naye kwenye benchi tukingoja, maana tulijua jibu lingeweza kuwa lipi. Kijidudu chake hakikuwa sugu kwa rifampisini. Akaanza upya, siku ya kwanza, vidonge vilevile.

Leo yuko mwezi wa tano. Wifi yake, yule wa habari za figo, ndiye msimamizi wake wa dawa. Alikwenda kliniki akaelezwa mambo ya rangi ile, akaomba yeye ndiye aandikwe. Huja saa kumi na mbili asubuhi kabla karai halijawekwa jikoni, na kikombe cha maji mkononi, akasimama mlangoni mpaka vidonge vimemezwa.